Umemeza Kosa, Liteme

Section 58, Nakuru
Jumapili alasiri

Wekesa mwanangu,

Mmetoka saa hii tu, wewe na senge wako Naliaka, dada ya baba yako, kwenda Kihoto kule ziwani kumuaga kukhu, nyanya yako, na mimi nimewadanganya kwamba nabaki kukanda chapati za safari. Unga uko kwenye karai, mkavu vilevile, haujaguswa na maji. Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya kompyuta yako, lakini naandika kwa kalamu. Nikiandika kwa mashine utajua pa kufukua kila neno nililofuta, na leo ninafuta mengi.

Kesho jioni utapanda ndege kwenda Ujerumani. Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kutombebea mtu usiyemjua mzigo, sitayagusa. Senge wako amejiteua waziri wa mambo hayo, na najua ameshaanza. Ataendelea nayo mpaka mpite Gilgil, atarudi nayo mpaka hapa mlangoni, na kesho atayarudia yote mkielekea uwanja wa ndege. Mvumilie. Yeye akiogopa huongea, mimi nikiogopa hunyamaza, na wewe kwa bahati mbaya ulinifuata mimi. Hata kukhu ni wa chama chetu. Maji ya ziwa yameingia mpaka jikoni kwake, na leo atakuambia mambo ni mazuri huku amevaa gambuti ndani ya nyumba.

Kwa hiyo niseme mapema ninachokiogopa, ili usihangaike kukitafuta katikati ya maneno. Naogopa kwamba siku moja ubaya utakupata huko, ugonjwa, au upweke, au kazi ikushinde, nawe utanipigia simu Jumapili kama kawaida uniambie kila kitu kiko poa. Nami nitaamini, kwa kuwa sina njia nyingine ya kujua. Hicho tu. Baridi ya Ujerumani haikutishi wewe uliyesoma Molo, na njaa najua hutakaa nayo.

Acha nianzie kwa Kokoto, maana ndiye tunayeelewana juu yake.

Unajua alivyoanza, lakini hujui nilivyokuwa siku hizo. Nilikuwa nafundisha kompyuta vidato vitatu kwa mpigo, mashine chache, watoto wakikalia kiti kimoja wawili wawili, na kila jioni narudi na rundo la programu za Python, lugha ya kompyuta ninayowafundisha, za kusahihisha. Makosa yalikuwa yaleyale. Mtoto juu ameandika jumla kwa herufi ndogo, chini ameandika Jumla kwa herufi kubwa, halafu anashangaa mashine haimwelewi. Jumamosi moja nilikuwa nachagua maharagwe mezani, baba yako amekaa hapo anasikiliza mpira redioni. Nikalalamika kwamba kazi ya kusahihisha na hii ya maharagwe ni kazi moja, macho yanauma na mawe hayaishi.

Akasema bila kugeuka, "Si utengeneze kitu ya kuchagua? Wewe ndio mwalimu ya kompyuta."

Alikuwa ananitania. Nilikasirika, na kwa hasira hiyo nikaanza kuandika programu ya kusoma programu nyingine na kuonyesha mawe yalipo. Baba yako ndiye aliyeipa jina la Kokoto, na hakuwahi kuielewa hata siku moja. Nilimweleza kwamba Kokoto hasubiri programu iendeshwe. Anaisoma ikiwa imelala, mstari kwa mstari, na kusema hapa patakuja kuharibika. Akaniuliza, "Sasa inajuaje, na haijaiona ikifanya kazi?" Nikamjibu kwa maringo ya ualimu kwamba kuna makosa yanayojulikana kwa sura tu. Hakuridhika, akarudi kwa mpira wake.

Kokoto wa kwanza alikuwa msumbufu. Alilalamikia kila kitu, nafasi iliyozidi, jina refu, jina fupi, mstari uliopinda. Niliona fahari. Baada ya muda nikagundua kwamba watoto hawasomi tena anachosema. Wanashuka moja kwa moja mpaka chini ya karatasi kutafuta kama amemaliza kelele. Hata kosa kubwa la kweli lilikuwa linapita humo humo na hakuna aliyeliona. Ikanibidi nikae nipunguze, na kila kanuni niliyoitoa iliniuma.

Sikujua wakati huo kwamba nyumbani nilikuwa nafanya yaleyale. Uliwahi kurudi kutoka shule, ulikuwa darasa la sita, umepigwa na kijana mmoja wa mtaa wa chini na mkono wa sweta umeng'oka. Ulianza kunieleza. Kabla hujafika katikati nilikuwa nimeuliza sweta imeraruka vipi, kwa nini unatembea na watoto hao, na viatu vyenyewe mbona viko hivyo. Ukaacha kusimulia ukaenda kuvua viatu. Sikumbuki kama uliwahi kunimalizia hadithi hiyo. Nilikuwa nikikusahihisha kila ulipofungua mdomo, halafu nikashangaa ulivyokuwa mtoto wa kimya.

Halafu akaja Chepkoech, yule msichana wa kidato cha tatu niliyekuwa nakusimulia habari zake. Kwao wanafuga ng'ombe, kwa hiyo nilipowaambia waandike programu ya kujumlisha, yeye akajumlisha lita za maziwa wanayopeleka dairi. Siku nyingine ameandika lita kwa tarakimu, siku nyingine ameandika neno "kumi". Python ikifika kwenye "kumi" inagoma na kumwaga maandishi mekundu. Sasa Python ina namna ya kusema jaribu jambo hili, na likikataa fanya lile. Tena ina neno pass, ambalo maana yake ni usifanye chochote, endelea tu. Chepkoech akaviunganisha: jaribu kujumlisha, ikikataa, pass. Wekundu ukaisha. Jumla ikatoka ndogo ajabu, kwa kuwa kila siku yenye "kumi" iliachwa kimyakimya, maziwa na ndoo yake.

Nikamwambia programu ina kosa. Akaniangalia kwa huruma.

"Lakini mwalimu, si ime-pass?"

"Ime-pass nini?"

"Si nimeiambia i-pass, na ika-pass. Ona, hakuna red."

Darasa zima likawa upande wake. Ndipo nikajua kwamba karibu nusu ya wanafunzi wangu waliamini hivyo. Tangu walipoanza shule neno hilo wamelisikia kwa maana moja tu, ku-pass mtihani, kwa hiyo walidhani ni dawa, unaiweka chini ya programu na programu inafaulu. Nilicheka mpaka nikakaa. Jioni nikaandika kanuni mpya. Kokoto akikuta kosa limedakwa na kufunikwa na pass, aseme: Umemeza kosa hapa. Liteme. Wiki iliyofuata walikuwa wanaitana hivyo kwenye korido. Mtu akificha kalamu ya mwenzake anazungukwa na kuambiwa, "Liteme!"

Hayo yalikuwa ya muhula wa kwanza. Kabla mwaka haujaisha, baba yako akafa.

Hayo unayajua, lakini unayajua kwa upande wako, na mimi wiki hii ndipo nilipojua kwamba una upande. Ngoja nikupe wangu wote.

Alianguka asubuhi ya Jumapili akifunga kamba za viatu vya kanisani, pale kwenye kochi la karibu na mlango. Hospitalini walituambia ni moyo. Wewe ulikuwa bwenini Molo, katikati ya mtihani wa kidato cha nne. Kabla sijalia vizuri watu walikuwa wamejaa sebuleni, na kila aliyeingia alikuwa na neno moja: mtoto asiambiwe. Amalize kwanza. Baba mtu amemaliza nguvu zake kwenye mashine za kiwandani ili kijana asome, sasa akose kupita kwa sababu ya habari ambayo haiwezi kubadilika? Hakuna aliyeona ajabu. Huku kwetu ndivyo watu wanavyofanya. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyefanya mtihani mzima mama yake akiwa mochari, walimu wote tunajua, na kila asubuhi tulimtabasamia mlangoni.

Kesho yake nikakataa. Nikamwambia baba yako mdogo Barasa anipeleke Molo nikuambie kwa mdomo wangu. Nikachukua koti la kwanza nililolipata nyuma ya mlango kwa ajili ya baridi ya huko, tukaenda. Tulipofika Sachangwan nikamwambia asimamishe gari. Nilishuka nikatapika kando ya barabara, malori yakipita. Barasa alinishikia mkoba.

Deputy wa shule yenu alitupokea kwa upole mno. Alitutilia chai mwenyewe.

"Madam, pole sana. Lakini mimi kama mzazi, wacha amalize. Amebakisha paper chache tu. Ukimwambia leo, utakuwa umemsaidia aje?"

Mimi ambaye kazi yangu ni kujibu, nililitafuta jibu kwenye kikombe kile nikalikosa. Nikashukuru kwa chai, nikarudi kwenye gari. Siku ya mwisho ya mtihani tulikuja kukuchukua, na Barasa ndiye aliyekuambia, ndani ya gari, mimi nikiwa mbele nimekazia macho barabara. Ukasema, "Sawa." Halafu ukauliza mazishi ni lini. Tukampeleka Bungoma tukamzika, na hukulia, na watu wakakusifu. Kijana amejikaza, walisema. Matokeo yalipotoka ulikuwa umefanya vizuri kuliko wote hapa mtaani. Wale wale waliojaa sebuleni wakarudi kunipongeza kwa kukuficha.

Hadi leo sijui ningefanya nini. Kuna siku naona nilikukosea vibaya. Kuna siku naona ningekuambia, ungeanguka mtihani, na sasa ungekuwa umekaa hapa bila kazi ukinilaumu kwa hilo. Sijui, Wekesa. Nimelipindua kila upande na silioni lililo sahihi.

Baada ya mazishi nyumba hii ilibaki na watu wawili na kelele ya friji. Tuliombana chumvi tu. Kisha nikakukuta siku moja umefungua faili za Kokoto, na bila kunitazama ukaniuliza kwa nini analalamikia mstari usio na kosa. Nikavuta stuli. Tuliongea mpaka chai ikapoa, mara ya kwanza tangu tutoke Bungoma, na yote ilikuwa juu ya mabano. Nililala nikiwa na furaha usiku huo. Nilidhani umerudi.

Kuanzia hapo hatukukosa la kusema. Ulienda chuo, jioni unarudi, unakaa na Kokoto, nami nakaa na wewe. Ukamvunja ukamjenga upya. Mimi nilimfundisha kusoma mistari kama mtu anavyosoma gazeti; wewe ukamfundisha kuigeuza programu kuwa mti, wenye shina na matawi, naye atembee tawi kwa tawi. Ulinieleza mara mbili. Mara ya pili nikasema nimeelewa, kwa sababu niliona umechoka. Sijaelewa. Ukamweka wazi kwenye mtandao, wakamchukua walimu wa shule nyingine, kisha watu wa nchi ambazo sijui hata zinakaa upande gani, na hao Wajerumani waliona kazi yako humo ndiyo wakakuita. Kitu nilichoanzisha ili nisiumie macho kimekuja kunichukulia mtoto.

Sasa tuje kwa Jumanne. Tulikuwa tunakula. Ukasema umeandika badiliko lako la mwisho kabla ya kuondoka, na umeniachia niliidhinishe mimi, kwa kuwa kuanzia sasa mwenye Kokoto ni mimi. Nikalifungua ugali ukiwa bado mkononi. Ulikuwa umeizima kanuni ya pass. Hukuifuta, umeizima mpaka mtu aiombe mwenyewe.

"Hii ni nini?"

"Watu wamechoka na hiyo rule, mum. Inapiga kelele bure."

"Inapiga kelele kwa sababu wanameza makosa."

"Si kila mtu anameza juu ya uoga. Mtu anataka kufuta file, anapata haiko. Hiyo si shida, si alitaka isikuwe? Anajua ni nini anameza. Kokoto haiwezi jua. Inaona tu pass, inaanza kuhukumu watu."

Ulikuwa umesema kweli, na nilijua, na hapo ndipo hasira iliponipanda. Nikasema maneno ya ovyo. Nikasema ukiizima unafundisha watu kuficha. Nikasema mtu hawezi kumeza kila kitu maisha yake yote, kuna siku atapasuka. Uliacha kula.

"Mum, hii ni code. Unaongea kuhusu nini?"

"Naongea kuhusu wewe! Baba yako alikufa na hukulia mpaka wa leo. Najua ni mimi niliyekuficha, lakini..."

"Hukunificha."

Ulilisema taratibu, bila ukali wowote, kama mtu anayerekebisha tarehe.

"Nilikuona. Nilikuwa natoka lab, wewe na uncle Barasa mnatoka kwa ofisi ya Deputy. Ulikuwa umevaa koti ya daddy. Hungevaa hiyo koti kama yuko."

Nikaurudisha ugali kwenye sahani.

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa na paper saa nane. Ningefanya nini? Niliona mnataka ni-pass. Nika-pass."

Ukachukua sahani yako na yangu, ukaenda kuziosha. Nilipokufuata jikoni ukasema, "Ilipita, mum. Hiyo kitu ilipita kitambo," na ukaniuliza kama kuna sabuni nyingine.

Tangu siku hiyo nakuona. Nikiwa darasani nakuona, nikiwa kanisani leo nilikuona. Umesimama kwenye njia ya maabara na ule mfuko wa plastiki wa mtihani unaoonyesha kalamu zote, na koti la baba yako linatembea mbele yako bila yeye. Kisha unageuka, unaenda kutafuta dawati lenye namba yako. Nataka nivuke kile kiwanja nikushike. Kila nikijaribu, Barasa ameshawasha gari. Ulikuwa mtoto, Wekesa. Mikono ya sweta ya shule ilikuwa bado inakuning'inia kiunoni kama mtoto yeyote.

Tena kuna lingine linaloniuma zaidi. Miaka yote hii uliniona nikijilaumu kwa kukuficha, ukaniacha nijilaumu, nadhani kwa sababu uliona nikijua kwamba ulijua nitaumia zaidi. Nilikulinda, ukanilinda, na meza ni moja, na chakula ni kimoja, na tunaongelea mabano. Sikukasirikii kwa hilo. Ulijifunza kwangu.

Mimi mwenyewe usinione nimetulia. Baada ya mazishi nilirudi kazini na nikafundisha. Kati ya kipindi na kipindi niliingia choo cha walimu, nikafungua mfereji, nikalia maji yakimwagika, nikatoka. Siku moja mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alinisubiri nje. Akanishika mkono akaniuliza, "Uko sawa kweli?" Nikamwambia ni vumbi limeniingia machoni. Mtu wa Nakuru hawezi kukosa vumbi la kusingizia. Yule mama alikuwa amekuja na muda wake, ameacha chai yake staffroom, nami nikampita nikaenda darasani. Hakuniuliza tena. Nilisubiri aniulize, nikawa napita karibu na meza yake makusudi, na hakuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia hakuna kitu. Baadaye alihamishwa Eldama Ravine na sina hata namba yake. Katika yote niliyoharibu hilo ndilo ninaloweza kukupa likakufaa, kwa hiyo lichukue. Akitokea mtu huko akakuuliza kwa dhati, hata kwa Kijerumani, usimwambie vumbi.

Jana nililifungua badiliko lako tena. Nikalisoma lote, hata zile sehemu za mti nisizozielewa. Nikaendesha majaribio yako, yakakubali. Ni kweli, Kokoto hawezi kujua. Anaiona programu ikiwa imelala. Hajui kama aliyeiandika alikuwa anatetemeka au alikuwa anajua anachofanya. Sasa mimi ninajua nini zaidi? Ukiniambia ilipita, naona neno tu. Huenda ni kweli ilipita. Huenda wewe unaweza kumeza kitu kikashuka kikaisha, na mimi ndiye ninayepiga kelele bure. Tumekaa nyumba moja, choo kimoja, meza moja, na nimeshindwa kutofautisha. Nitaweza vipi wewe ukiwa sauti tu kwenye simu?

Nimeliidhinisha. Leo asubuhi, kabla ya kanisa. Kanuni imezimwa, anayeitaka ataiwasha. Kwa wanafunzi wangu nimeiacha ikiwaka, maana wa mwaka huu nao wanaamini pass ni dawa. Pale chini pa kuandika maoni nilikaa muda mrefu. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mpaka senge wako akaanza kupiga honi pale nje. Mwishowe sikuandika kitu, nikabonyeza tu.

Sijui nitamlea vipi Kokoto peke yangu. Watu wanaandika usiku na mchana wakiuliza mambo, na nusu ya maswali siyaelewi. Nitajaribu. Nikikwama nitakuuliza, na ninakuonya kwamba nitakwama mara nyingi zaidi ya inavyotakiwa.

Kuna ombi nililoliandika hapa nikalikata. Unaona hayo madoa ya wino. Nilitaka uniahidi kwamba utaniambia kila kitu. Nimelikata kwa sababu najua utaahidi. Utasema, "Sawa, mum," utanikumbatia, na tutakuwa tumebaki palepale. Sitaki ahadi. Sina hata haki ya kuidai, mimi niliyekunywa chai ya Deputy nikageuza gari.

Nikuambie tu itakavyokuwa ukipiga, usije ukadhani unampigia mtu mwenye nguvu. Ukinipigia unalia sitajua la kufanya. Sina pasipoti, sitaweza kuja. Nitasema pole, halafu nitasema pole tena. Nitakuuliza kama umekula, swali la kijinga, na nitasikia ujinga wake nikiwa nalisema. Halafu maneno yataniishia kabisa. Huenda nikalia kabla yako na ikakubidi wewe ndiye uninyamazishe. Sitakuwa na ushauri, sitakuwa na sala nzuri, sitakuwa na chochote. Nitashika simu tu na kupumua. Hata nikiwa mbele ya darasa, hata nikiwa nasimamia mtihani wa watu, nitatoka nje nishike simu.

Piga tu, mwanangu. Piga hata kama huna la kusema. Nami sitakuwa nalo.

Ni mimi,
Mama yako